UZI: Nyumba ya chatu-mpira hapa Mwanza, ijengwe kwa kuangalia usiku

#1 – Mwanzisha uzi

Mwangaluka wakuu.

Mwaka wa 9 sasa kazi yangu ni kutunza nyoka kwenye bustani ndogo ya wanyama yenye kibali, huku upande wa ziwa. Tuna swila, tuna kifutu, tuna chatu mkubwa wa kwetu, na tuna chatu-mpira (ball python) wanne. Karibu kila wiki kuna mgeni anayebaki nyuma wenzake wakishatoka, ananiuliza wale wanne wanaishije na nyumba yao inajengwaje. Nimekuwa nikijibu vipande vipande kwenye simu, mwingine anashika la kwanza anaacha la pili, halafu nyoka ndiye anayeumia. Leo naweka yote hapa.

Kwanza kibali. Huyu ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kukaa naye nyumbani kama anavyokaa na paka. Chatu wote pia wamo kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka bila karatasi ni kesi. Anza TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kabla hujanunua hata msumari. Nikisikia mtu kaanza na nyoka halafu ndio anatafuta karatasi, simsaidii.

Pili, tusichanganye majina. Chatu-mpira si yule anayekutwa kwenye majaruba ya mpunga kule Magu, wala si yule anayechezewa ngoma wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma zetu Wasukuma, pale Bujora, Kisesa. Yule ni chatu mkubwa, anafika mita 3 hadi 5, na hana nafasi kwenye chumba cha mtu. Ukimkuta shambani muache, au waite watu wa wanyamapori. Chatu-mpira kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegal, unapita Ghana, Togo na Benin, mpaka Sudan Kusini na kona ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Tanzania hayupo porini. Jike mkubwa hufika kama mita moja na robo, wengine mita moja na nusu, dume ni mfupi zaidi. Akiogopa anajiviringa donge, kichwa anakificha katikati, na hapo ndipo jina lilipotoka. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 20 hadi 30, kwa hiyo unayemjengea leo huenda mwanao ndiye atakayemzika.

Sasa nyumba yenyewe. Ukitaka kuelewa anachohitaji, fikiria kichuguu. Huko kwao mchana wote yuko chini, kwenye shimo la panya au ndani ya kichuguu kilichohamwa, anatoka giza likishaingia. Sisi Wasukuma vichuguu tumevizoea, tumechimba udongo wake wa kukandika nyumba tangu utotoni. Ingiza mkono kwenye kichuguu saa nane mchana: ndani hakuchomi. Ingiza alfajiri: hakuna ubaridi wa nje. Kuna giza, kuna unyevu kidogo, na kuta ziko karibu. Hicho ndicho unachomjengea. Ukijenga kabati zuri la kuonyesha wageni, kioo pande nne na taa juu, umemjengea uwanja wa mpira yeye ambaye maisha yake yote anatafuta shimo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ndivyo nilivyofanya na yule jike wa kwanza. Nilimweka kwenye sanduku la kioo, ndani ya chumba cha bati kisicho na dari. Mchana nikiingia najifuta jasho, nikajiambia Mwanza ni joto, nyoka wa Afrika atashindwaje? Sikuweka chombo chochote cha kupasha. Ulikuwa mwezi wa 6. Siku moja nikaingia saa kumi na moja alfajiri kuchukua ndoo, nikasikia sauti nyembamba kama mtu mwenye mafua anayevuta pumzi kwa tundu moja la pua. Nikadhani ni panya. Nilipomulika tochi nikamwona kainua shingo, mdomo uko wazi kidogo, na pembeni ya mdomo kuna povu jeupe linavutika kama ute wa bamia. Kipimajoto nilichoazima siku hiyo kilisoma nyuzi 18 ndani ya sanduku lake. Mchana wa siku hiyohiyo, saa tisa, kikasoma 36.

Mapafu yalikuwa yameshaingia maambukizi. Daktari wa mifugo alimchoma sindano wiki kadhaa, akapona, na bado ninaye. Lakini zile alfajiri za kumsikiliza anavyovuta pumzi sijazisahau.

Kwa hiyo kipimo cha nyumba yako ni saa kumi na moja alfajiri ya mwezi wa 6 au wa 7, mbingu iko wazi na upepo unatoka ziwani. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto la mchana linadanganya. Anachotaka ni hiki: upande mmoja wa nyumba, pale anapolala, uwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27, na usiku popote pale pasishuke chini ya 24. Ikipita 35 na hana pa kukimbilia, unampika. Ana pande mbili kwa sababu hana moto wake mwilini, anajipima mwenyewe kwa kuhama. Nyumba yenye joto la aina moja tu, hata likiwa zuri, inamnyima hiyo kazi.

Ujenzi. Mkubwa mmoja: futi 4 urefu, futi 2 kina, futi 2 kimo. Apate kujinyoosha. Mwambie seremala atumie plaiwudi ya milimita 18, siyo ubao wa unga ule uliogandamizwa, ule ukinyonya maji unavimba kama andazi. Pande tatu mbao, mbele tu ndio kioo cha milimita 5 cha kuteleza kwenye reli. Mafundi wa alumini wanakata na kukuwekea kufuli yake. Kufuli si mapambo. Nyoka huyu anasukuma kioo kwa pua usiku kucha, na akipata upenyo wa kichwa atajisukuma apitishe na mwili. Maungio yote ya ndani piga silikoni, halafu subiri mpaka ile harufu ya siki iishe kabisa. Vanishi nayo iache ikauke wiki mbili.

Tundu za hewa ziwe chini upande wa baridi na juu upande wa joto, hewa ipite yenyewe. Zifunike kwa wavu mdogo kwelikweli. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wakiona mwanga wanaingia kila mahali, asubuhi unakuta wamejaa kwenye bakuli la maji.

Kupasha joto usihangaike na vitu vya kuagiza nje. Nenda kwa wauza vifaa vya kuku. Balbu ya kauri ya kulelea vifaranga haitoi mwanga, inatoa joto tu, na hiyo ndiyo nzuri kwa nyoka anayetaka usiku wake uwe giza. Kwa nyumba ya futi 4 mimi natumia wati 100. Holda nayo iwe ya kauri, ya plastiki inayeyuka. Izungushie kizimba cha waya, asiweze kuigusa wala kujizungusha juu yake. Nyoka hachomoki haraka akiungua, anakaa tu mpaka ngozi inaiva. Na kila chombo cha joto kipitie kwenye themostati, kile kifaa kinachozima na kuwasha chenyewe kwa kufuata joto. Ile ya mashine ya kutotolesha mayai inafanya kazi hiyohiyo. Sensa yake iweke pale anapolala chini ya balbu, uifunge isihame.

Halafu maficho mawili, moja kila upande. Ukiweka moja tu atachagua kati ya joto na usalama, na atachagua usalama hata akigandishwa. Yawe ya kumbana. Mimi natumia vyungu vilivyopasuka: unakigeuza, unatoboa mlango ukingoni, unausugua kwa jiwe mpaka usimkwaruze. Kama ni chungu cha maua chenye katundu chini, zibe kale katundu. Nimewahi kumkuta mdogo kaingiza kichwa pale na robo ya mwili, magamba yamenasa hawezi kurudi nyuma. Tulikivunja chungu kwa koleo kipande kwa kipande, nusu saa nzima, mwenzangu kamshika shingo.

Nafasi iliyobaki ijaze. Majani makavu, matawi mazito, magome. Apite toka chungu hiki mpaka kile bila kuonekana.

Nipo, ulizeni.

#2 – Mdau wa Nyegezi

Mkuu shukrani sana, uzi umeshiba. Mimi tayari nina tangi la samaki la futi 3, kioo kitupu. Kibali nafuatilia. Hilo tangi siwezi kulitumia? Na chini nimwekee nini, nina maranda ya kuku gunia zima.

#3 – Mwanzisha uzi

Kwa mdogo linafaa kwa muda, ila ulifunike. Pande tatu bandika maboksi au plaiwudi kwa nje, juu tengeneza mfuniko wa mbao wenye tundu chache badala ya wavu mtupu. Wavu mtupu juu ni bomba la moshi, joto na unyevu vyote vinapanda vinaondoka.

Maranda inategemea ni ya mbao gani, na mengi hapa mjini ni ya paini. Paini ina mafuta yenye harufu kali yanayomuumiza kifua. Usitumie. Pumba za mpunga nazo, najua ziko bure kila mahali huku, lakini zina vumbi, zikilowa zinaota ukungu, na anapokula zinamnasa mdomoni. Kizuri ni makumbi ya nazi. Shida yetu ni kwamba nazi zinafika Mwanza zimeshafuliwa, makumbi yamebaki Pwani. Nenda kwa wauza miche, wanayo yaliyosagwa na kukandamizwa kama tofali. Unaliloweka, linavimba ndoo nzima, unalikamua mpaka ukishika likuachie mkono mkavu. Mimina kina cha vidole vinne.

Usipoyapata, tandika magazeti. Sioni aibu kusema hivyo. Nyoka mgeni yeyote kwangu anakaa kwenye magazeti siku 90 za mwanzo, chumba cha peke yake, maana kwenye karatasi nyeupe unaona utitiri na unaona choo chake kilivyo.

#4 – Dada wa Bukoba

Kaka habari. Huku kwetu mvua haikatiki na chumba kina unyevu muda wote. Umesema mafua yanatokana na baridi, je unyevu nao si mbaya? Nimesoma mahali kwamba awe mkavu.

#5 – Mwanzisha uzi

Salama dada. Ukavu ndio unaowatesa wengi. Anataka unyevu asilimia 55 hadi 70, na akikaribia kujivua ngozi unaweza kufika 80. Utajua anakaribia kwa macho: yanakuwa ya bluu yenye ukungu, rangi inafifia, anajificha hata chakula hataki. Usimshike siku hizo. Ngozi ikitoka nzima kama soksi, kuanzia mdomoni mpaka ncha ya mkia, ujue unyevu wako uko sawa. Ikitoka vipandevipande, nyumba ni kavu. Angalia hasa macho kwenye ile ngozi iliyovuliwa, vile viduara viwili viwepo. Visipokuwepo vimebaki jichoni kwake. Usivibandue kwa kucha, ongeza unyevu, na akijivua tena bado visitoke mpeleke kwa daktari.

Kinachoua ni unyevu na baridi kwa pamoja. Kuloa na kuwa na unyevu pia ni vitu viwili. Hewa iwe na unyevu lakini tumbo lake likae pakavu, maana akilalia matandiko yaliyolowa siku nyingi magamba ya tumbo yanapata vidonda. Sisi wa Mwanza miezi ya kiangazi tunamwaga maji kwenye kona za matandiko, yanashuka chini, juu panabaki pakavu. Wewe wa Bukoba huenda usimwage hata tone. Ongeza tundu za hewa, hakikisha joto halishuki, na uwe na kipimaunyevu. Wewe na mimi hatuwezi kutumia ratiba moja.

#6 – Mdau wa Igoma

Swali mbili mkuu. Umeme ukikatika usiku tunafanyaje? Pili, anakula dagaa? Dagaa huku tunao.

#7 – Mwanzisha uzi

La dagaa kwanza: hapana. Samaki si chakula chake kabisa. Anakula panya, mnene kiasi cha unene wa tumbo lake. Mdogo kila wiki, mkubwa kila baada ya wiki mbili au zaidi. Mpe aliyekwisha kufa, na aliyepashwa joto, kwa koleo ndefu. Panya hai ukimwacha naye usiku na nyoka hana njaa, panya ndiye atakayemla nyoka. Na wa kutegwa mitaani usimpe, huenda kala sumu. Akikataa kula mwezi mzima usichanganyikiwe, mpime uzito. Kama haupungui, muache. Mara nyingi anayekataa chakula anakuambia nyumba ina kasoro, tazama maficho kwanza. Akishakula usimshike siku mbili.

Umeme. Mimi nina chupa za maji ya moto, lita moja na nusu, nazizungushia kanga mara mbili na kuziweka upande wa joto, nje ya chungu chake, kisha kabati lote nalifunika blanketi nikiacha tundu za chini wazi. Saa tatu zinapita. Ndani pia nina bapa la jiwe chini ya balbu. Sisi mawe hatuna shida nayo hapa, na jiwe likishapata moto linakaa nao muda mrefu. Lilale kwenye sakafu ya mbao yenyewe, lisikalie matandiko, akichimba chini litamwangukia. Jiko la mkaa usiingize chumbani kwa sababu yoyote ile. Moshi usioonekana utamuua yeye, utakuua na wewe.

#8 – Mfugaji wa kuku, Buhongwa

Mkuu naomba nichangie hapo kwenye themostati, sijui nyoka lakini mashine za mayai nazijua. Zile za bei rahisi zina tabia ya kuganda zikiwa zimewaka. Swichi ya ndani inashikana, namba inasoma vizuri, moto hauzimi. Nimeunguza trei tatu za mayai hivyo. Sasa hivi nafunga mbili mfululizo, ya pili naiweka nyuzi mbili juu ya ya kwanza, ya kwanza ikigoma ya pili inakata.

#9 – Mwanzisha uzi

Kaka umenifundisha. Nilikuwa na moja tu kila nyumba. Mimi shida niliyoipata ni ya sensa: nyoka aliivuta ikaangukia kwenye bakuli la maji, ikasoma maji ya baridi, balbu ikawaka bila kukoma. Nilimkuta kajibana kona ya mbali kabisa, juu ya bakuli. Ushauri wako unaponya hata hilo, mradi sensa ya pili iwe imefungwa sehemu nyingine. Kesho naanza kufunga. Wadau, mfuateni huyu kaka kuliko nilivyoandika mimi kule juu.

Na kwa kuwa umetaja mayai, nimekumbuka siafu. Nyumba ikae juu ya meza, na kila mguu wa meza uingie kwenye kopo lenye maji na mafuta kidogo juu yake. Meza isiguse ukuta, na waya wa umeme upitishe juu, upake grisi, maana huo ndio daraja lao. Siafu wakiingia kwenye nyumba iliyofungwa, nyoka hana pa kukimbilia.

#10 – Mdau wa Nyegezi

Wakuu nimerudi. Kibali bado, lakini nyumba nimemaliza, futi 4, plaiwudi, kauri wati 100, themostati mbili kama alivyosema mzee wa Buhongwa. Nimeiwasha wiki moja bila nyoka, naamka kuandika. Upande wa joto 32 muda wote. Upande wa baridi mchana 27, saa kumi na moja alfajiri 22.6. Unyevu 41. Mke wangu ananiuliza naamka kumtazama nani.

#11 – Mwanzisha uzi

Mwambie shemeji hongera kwa kuvumilia. Umefanya kazi ambayo mimi sikuifanya, na ingeniokolea yule jike.

Hiyo 22.6 haijafika. Usiongeze wati, themostati itaikata palepale kwenye 32 na upande wa baridi utabaki vilevile. Bandika shuka la foamu au maboksi mawili nje ya ukuta wa nyuma na wa upande wa baridi, na sogeza meza itoke kwenye ukuta wa nje wa nyumba, nadhani umeiweka chini ya dirisha linalotazama ziwa. Unyevu: ziba nusu ya tundu za juu kwa utepe wa gundi wa karatasi, uongeze makumbi vidole viwili, umwage kikombe cha maji kila kona. Bakuli la maji lisogee karibu na katikati.

Amka tena siku tatu, halafu uniandikie namba.

#12 – Mdau wa Nyegezi

Ilikuwa chini ya dirisha kweli. Nimeihamisha. Alfajiri ya leo 24.8, unyevu 58.

#13 – Mwanzisha uzi

Iache iwake hivyohivyo mpaka kibali kitoke. Zibeni na kale katundu ka chungu.